Balbu Ndani ya Soksi

Mtaani kwetu baba mkwe wangu aliitwa Bwana Zima, na jina lenyewe hakulichukia. Ukimwita hivyo barabarani aligeuka akicheka, kisha akakuuliza kama kwako hujaacha kitu kinawaka. Mimi ni mke wa mwanawe wa pekee. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, hukaa miezi bila kukanyaga nyumbani, kwa hiyo tangu anioe nimeishi na wazazi wake, na mambo ya nyumba ile nayajua kumzidi yeye aliyezaliwa humo.

Nataka kusimulia jinsi mama mkwe wangu alivyopoteza macho, maana watu wanasimulia vibaya. Kuna jirani anayezunguka akisema eti mzee alimpofusha mkewe kwa ubahili. Huyo jirani siku nikimkuta nitampa vidonge vyake. Giza halimpofushi mtu. Giza la nyumba yetu lilifanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mzee alikuwa msoma mita wa umeme. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na tochi yake, kuchungulia mita zilizofichwa nyuma ya mapipa na mabanda ya kuku, kuandika tarakimu na kufukuzwa na mbwa. Alisema tarakimu zile zilimweleza siri za watu bila yeye kuuliza. Huyu amenunua friji, yule mwanawe amerudi nyumbani, hawa wamesafiri wakasahau taa ya chooni. Kisha zikaja mita za kulipia kabla, zile za kubonyeza namba, na wasoma mita wote wakaambiwa asanteni kwa utumishi wenu. Mzee akarudi nyumbani na tochi yake. Kwa muda alikuwa anakaa tu kibarazani, hajui mikono aiweke wapi. Halafu siku moja akainua macho akaona kwamba hata sisi tuna mita.

Ilikuwa ukutani pale pale kibarazani, na ilikuwa na kijitaa chekundu kinachopepesa. Umeme ukitumika kidogo kinapepesa polepole, ukitumika sana kinapepesa mbiombio. Mzee akavuta stuli, akakaa mbele yake jinsi wanaume wengine wanavyokaa mbele ya mpira. "Inakimbia!" alipiga kelele ghafla, na sisi huko ndani tukaanza kusaka kilichosahaulika.

Sheria zikaanza. Taa ilikuwa moja kwa nyumba nzima, yaani ukitoka sebuleni unazima, unatembea gizani mpaka jikoni, ndipo unawasha ya jikoni. Pasi ilikuwa Jumapili tu, tunaanza na suruali nzito pasi ikiwa na moto, tunachomoa, tunamalizia leso kwa joto lililobaki. Birika la umeme mzee alimpa dada yake, akasema ni zawadi. Friji lililala mchana na kuamka jioni, kwa hoja yake kwamba usiku hakuna anayelifungua ovyo. Kila jua lilipozama alikwenda jikoni kulichomeka mwenyewe, nalo lilikuwa kuukuu, likatikisika na kukohoa kidogo kabla ya kuanza kuunguruma. Mama akisikia mngurumo ule akiwa popote alisema, "Friji limeamka, tuanue nguo."

Na balbu! Alichagua ndogo kuliko zote dukani. Mwanga wake ulitosha kukuonyesha kwamba balbu ipo, basi. Kula ulikula kwa kukisia. Mimi mwanzoni nilikuwa nacheka, baadaye nikawa naudhika, kisha nikazoea, na kila nilipozoea nilijichukia.

Nimseme kwa haki lakini. Alikuwa na mkono wa birika, ndiyo, ila si kwa sababu ya roho mbaya. Mshahara wake ulipokatika, aliyetulisha ni mama kwa cherehani yake ya kukanyaga. Mzee aliona aibu kulishwa na mkewe, hakusema, lakini iliandikwa usoni mwake kila tulipokaa kula. Kwa hiyo uniti alizookoa zilikuwa ndizo mshahara wake. Alitangaza mezani kwamba umeme ambao kwa majirani haufiki katikati ya mwezi, kwetu umevuka mwezi na bado upo. Mama alimjibu kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, "Asante kwa kutuletea, mzee wangu," kana kwamba ametoka kazini na bahasha. Alisema bila utani. Mzee alivimba kichwa, akaongezewa mboga.

Mzee alimwita mama Fundi, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Alishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha dogo lisiloingiza mwanga mwingi, na chumba kizima kilinukia mafuta ya mashine na kitambaa kipya. Alikuwa na vidole virefu, na akishona alitafuta maneno ya kuchekesha ya kumsema kila mtu aliyepita nje. Alinipenda. Siku nilipoletwa pale kama mke alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu ni mtu wa barabara, wewe utakuwa mke wangu mimi." Na kweli nilikuwa wake.

Kutembea gizani kukawa ujuzi wa nyumba. Sote tulikuwa na alama miguuni, maana ile stuli ya mzee ilihama hama na kila mtu aligongana nayo. Ila mama alitushinda. Umeme wa mtaa ukikatika, wageni wakiwa wamekaa wameduwaa, yeye ndiye aliyesimama akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akarudi na kiberiti na mshumaa bila kupapasa. Mzee alijisifu mbele za watu. "Mke wangu anaona gizani kama paka. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Ilianza na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Mama aliinama, akasogeza uso, akasogeza kitambaa, akafyonza meno. "Taa ya mzee wako hii," akaniambia. "Hebu nitungie sindano, mwanangu." Nikatunga. Kesho yake nikatunga mbili. Baadaye ikawa ndiyo kazi yangu ya asubuhi kabla ya kufagia, natunga sindano nyingi, nachomeka kwenye kijimto chake chekundu cha sindano, naye anazitumia mpaka jioni. Kisha nikawa nakata vitambaa mimi, yeye anapima kwa vidole na kuniambia nipitishe mkasi wapi. Alisema mgongo unamuuma kuinamia meza. Nikamwamini. Mgongo wa fundi yeyote unauma.

Alimwaga chai nje ya kikombe. "Nani kasogeza kikombe?" Hakuna aliyejua nani kasogeza kikombe, sote tulikuwa kwenye giza lile lile. Alijigonga kwenye pembe ya mlango, akavimba paji la uso, nasi tukamcheka kwa sababu wiki ile ile mzee alikuwa amejigonga pale pale. Mara moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alirudisha kaptula nyeusi iliyoshonwa kwa uzi wa kahawia. "Fundi, hii mitindo mipya?" aliuliza. Mama akaipapasa, kisha akacheka. "Niliishona usiku, mwalimu. Unamjua Bwana Zima." Mwalimu mkuu alimjua. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikacheka, na mzee kibarazani akacheka pia kwa sababu ametajwa.

Lakini ndani nilikuwa natokota. Niliona mwanamke anafanya kazi kufa kupona, analisha nyumba, halafu ananyimwa taa ya kumwonyesha tundu la sindano. Mkwe hawezi kumfokea baba mkwe, hata mimi mwenye mdomo huu. Basi, mwaka ule ulipoanza, nikatumia pesa nilizotumiwa na mume wangu, nikanunua balbu kubwa, kali, ile inayouzwa kwa wenye maduka. Jioni mama alipoingia kuoga, nikapanda kiti sebuleni nikaifunga. Nilipanga atoke bafuni aikute. Nikawasha.

Sikuhesabu hata pumzi tano. "Inakimbia!" Mzee akaingia na viatu vyake, akasimama mlangoni amefinya macho. "Nani ameongeza kitu?"

"Ni taa ya mama, baba. Ya kushonea."

"Hiyo ni taa ya kiwanja cha ndege." Alishaipandia kiti. "Mwanangu, mimi nimeona watu wakifilisika kwa balbu. Nimezisoma mita zao."

"Baba, mama haoni uzi."

"Anashona tangu kabla hujazaliwa. Anaona."

Nilimeza maneno mengi hapo, na bado mengine sijayatapika. Aliifungua kwa kitambaa kwa kuwa ilishaanza kupata moto, akarudisha ile ndogo. Balbu yangu akaitia kwenye soksi yake isiyo na mwenzake ili isivunjike, akaiweka kabatini juu ya mashuka. "Ya wageni," akasema. Mama akatoka bafuni amejifunga khanga, akauliza tunagombana nini. "Hatugombani, mama," nikamjibu. Wageni wanaostahili balbu ile hawakuja.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Mama alilaumu taa, mimi nikalaumu taa, mzee akaitetea taa. Nyumba nzima ilikuwa na ugomvi wa balbu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutamka neno macho kwa maana ya macho.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu alileta kazi ya sare za wanafunzi wote wapya. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa mama, na aliitaka. Nilimwambia tumwombe fundi mwingine tugawane. Akakataa. "Nikishindwa hii watasema Fundi amezeeka," akasema, "na wakishasema hivyo hawarudi tena." Wakati huo alikuwa hashoni tena jioni. Alishona adhuhuri tu, tena kibarazani, na kila siku tulimbebea cherehani nje, jua lilipokuwa kali kiasi cha sisi wengine kujifunika macho kwa mkono. Kisha mawingu yakaja, yakaganda juu yetu, jua likawa halionekani. Mama akakaa kibarazani na kitambaa mapajani, mguu kwenye kanyagio, hakanyagi.

Nikamkuta analia. Sikuwahi kumwona analia, hata msibani yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Sitaimaliza kazi ya watu," akasema. "Siku hizi hata mchana umekuwa kama taa ya baba yako."

Mzee alikuwa kwenye stuli yake mbele ya mita, hatua chache tu kutoka pale. Alisikia. Akatazama chini kwenye viatu vyake, na nadhani hapo ndipo alipoamua, kwa sababu hata kijitaa chake hakukitazama tena mchana ule.

Jua lilipozama alikwenda kulichomeka friji kama kawaida. Likakohoa, likaanza kuunguruma. Lakini hakurudi kibarazani. Aliingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa, akatoka ameshika soksi. Nikakimbilia jikoni nikamnong'oneza mama, "Mzee ameitoa balbu. Nilikununulia, akaificha, leo ameitoa." Mama akajifuta mikono kwenye khanga, akatengeneza kilemba. Nakumbuka alivyotengeneza kilemba.

Mzee alipanda kiti, akafungua ile ndogo, akaifunga ile kubwa gizani kwa kupapasa. "Fundi," akaita. "Njoo ukae kwenye cherehani yako."

Mama akaja, vidole vyake vikifuata ukuta kama siku zote, akavuta kiti, akakaa. Akachukua kaptula iliyokuwa juu ya rundo akailaza chini ya sindano.

"Nimekuwekea taa ya maana," mzee akasema. "Shona utakavyo. Usiku kucha ukitaka."

"Na mita je?"

"Mita ikimbie iendako. Nitailipia mimi."

Akabonyeza swichi.

Nimeishi kwenye sebule ile miaka na sikuwahi kuiona. Ukuta niliodhani ni wa kijivu ulikuwa wa kijani. Kulikuwa na ufa umeteremka kutoka darini mpaka kwenye picha yao ya harusi, na juu ya fremu vumbi limelala nene. Mzee alikuwa amezeeka zaidi ya nilivyodhani, mashavu yamebonyea. Alibaki na mkono kwenye swichi, anamtazama mkewe, anasubiri aseme kitu. Mama alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya kaptula, uso ameuinua kidogo, anatabasamu, na yeye anasubiri.

"Haya, washa basi," akasema.

Mzee akacheka kidogo. "Fundi bwana."

"Washa, mzee wangu. Usinifanyie kama mtoto."

Mzee akazima. Akawasha. Akazima tena, akawasha tena. Swichi ililia, mwanga ukaja na kwenda juu ya uso wa mama, na uso wenyewe haukubadilika, ulibaki na tabasamu lile lile la mtu anayengoja zawadi. Hapo mzee akanigeukia mimi. Nikashika meza.

"Umeme umekatika," mzee akasema.

Mama aligeuza kichwa polepole kuelekea jikoni.

"Mbona friji linaunguruma?"

Nilitamani kukimbia nikalichomoe, Mungu anisamehe, nilitamani kukimbia nikalichomoe ili uwongo wa mzee uwe kweli. Tabasamu la mama likaondoka kidogo kidogo. Akainua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akaugeuza huku na huku, akausogeza karibu mpaka ukagusa pua.

"Taa inawaka?"

"Inawaka, mama," nikasema mimi, kwa kuwa mzee hakuweza.

"Ni kali?"

"Ni kali sana, mama."

Akarudisha mkono juu ya kaptula, akaanza kuifuata mishono kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama anayeikagua kazi ya mtu mwingine. Mzee aliketi chini sakafuni pale pale chini ya swichi. Aliketi bila kutafuta kiti.

Daktari wa macho alikuwa dada kijana, mpole, mwenye mikono baridi. Alimwangazia mama kitochi machoni, akampulizia hewa kwa kimashine cha kupimia, akamtazama muda mrefu. Alisema ni presha ya macho. Inakula polepole, haiumi, inaanzia pembeni inakwenda katikati, na mtu anazoea kila kinachopungua. Kilichokwishaliwa hakirudi. Angempa dawa ya matone ili kile kidogo kilichobaki, mwanga wa jua kali na vivuli vya watu, kisiondoke upesi.

"Ungemleta mapema, hata mwanzoni mwa mwaka, tungeokoa mengi," akasema, na mimi nikaikumbuka balbu juu ya mashuka, ndani ya soksi, ikisubiri wageni tangu mwanzoni mwa mwaka. Kama ingebaki darini jioni ile, mama angetoka bafuni, angekaa chini yake, na tungejua. Daktari hakujua anachonifanya. Aliendelea kuuliza. "Kwani hamkuona anagonga vitu? Anamwaga vinywaji?"

"Nyumba yetu ni ya giza, daktari," nikamwambia. "Sote tunagonga vitu."

Alidhani nafanya utani. Mama akaingilia kati, akitazama upande usio na mtu. "Mimi mwenyewe nilidhani ni taa. Na mchana nilidhani ni uzee. Msimlaumu mtu." Mzee alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Kazi ya shule ilimaliziwa na fundi wa mtaa wa pili. Mwalimu mkuu alipokuja kuchukua vitambaa alisimama mbele ya mama, akafungua mdomo, ile sauti ya kengele ikagoma kutoka. Mama ndiye aliyemliwaza. "Angalau zile nilizoshona uzi ni mweusi," alimwambia. "Mkwe wangu alinitungia."

Tangu siku ile Bwana Zima hakuzima tena kitu. Aliwasha taa zote, sebuleni, chumbani, jikoni, chooni, na alinunua nyingine kubwa akazifunga kila mahali. Ukipita barabarani ungedhani kwetu kuna sherehe. Friji likaunguruma mchana na usiku. Kijitaa cha mita kilipepesa kama kilichoshikwa na homa, na mzee hakukitazama, stuli aliitupa nje kwa sababu mama alikuwa anagongana nayo. Alisogeza viti vyote, akahamisha meza, akahamisha kabati la vyombo, ili mkewe apate njia iliyonyooka kutoka chumbani hadi jikoni. Umeme ulikuwa unatuishia katikati ya wiki. Mama alisikia mlio wa swichi akajua, akaenda na mkono ukutani, akaipata, akaizima.

"Unamwashia nani, mzee wangu? Tunachoma pesa."

Mzee alingoja aondoke, kisha akaibonyeza polepole, akiibana kwa vidole viwili ili isilie. Mama alisikia hivyo hivyo. Nilikuwa nakaa jikoni nawasikiliza, mmoja akiwasha mwingine akizima, na nilikuwa na hasira na wote wawili, na niliwapenda.

Matone nilimtia mimi asubuhi na jioni. Kile kidogo kilichobaki kikapungua hata hivyo. Siku moja alinishika uso kwa mikono yake miwili, akapitisha vidole kwenye nyusi na midomo, akasema ananikariri wakati bado anakumbuka nilivyo.

Kisha jioni moja, jua lilikuwa limeshazama na taa zote zinawaka, mtaa mzima ukaingia giza kwa mara moja. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na cherehani, ile ambayo bado aliipaka mafuta kila wiki. Mzee alikuwa katikati ya sebule. Alipiga hatua moja, akajigonga kwenye meza ambayo ameihamisha mwenyewe, akapiga hatua nyingine akajigonga kwenye kiti. Yeye aliyetembea gizani kwa miaka hakuijua tena nyumba yake. Akasimama. Nilisikia pumzi zake.

Hakusema kitu. Nilijua kwa nini hasemi. Neno lile lile alilopaswa kulisema alikuwa ameshalitumia.

Kiti cha mama kikalia. Nyayo zake zikapita kwenye ile njia iliyonyooka, hazikupapasa, hazikugonga popote, zikafika pale mzee alipokuwa.

"Nipe mkono," mama akasema. "Hapo mbele yako kuna meza. Njoo upande huu."

"Umejuaje?" mzee akauliza.

"Friji limenyamaza," mama akasema. "Leo ni kweli."

Mzee akaanza kulia pale gizani, kwa sauti, bila kujizuia. Mama hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono, akamngoja mpaka alipomaliza, kisha akamwongoza kitandani.